Kupima hesabu ambazo tarakimu zake hazitulii: funzo la LAPACK

Maktaba ya LAPACK, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1992, hutatua mifumo ya milinganyo na matatizo mengine ya aljebra mstari. NumPy, R na MATLAB zote huitegemea. Anayebadilisha mstari mmoja ndani yake anagusa kazi za wanasayansi na wahandisi ambao hawajawahi kusikia jina lake. Ndiyo maana namna inavyopimwa inapojengwa inastahili kuchunguzwa na yeyote anayeandika programu za hesabu.

Njia inayomjia mtu kwanza ni kuhifadhi majibu ya toleo la zamani na kuyalinganisha na ya toleo jipya, tarakimu kwa tarakimu. Kwa namba kamili njia hiyo inafaa. Kwa desimali haidumu. Namba ya biti 64 hubeba takriban tarakimu 16, na zinazozidi hukadiriwa. Chukua 10¹⁶, ongeza 1, kisha toa 10¹⁶: mashine inakupa 0. Anza na kutoa, ndipo uongeze 1: inakupa 1. Kwa hiyo kompaila ikipanga upya ujumlishaji, au prosesa ikizidisha na kujumlisha kwa hatua moja, tarakimu za mwisho hubadilika ingawa hakuna aliyekosea. Jaribio la kulinganisha hapo litalalamika kila mara, na malalamiko ya kila mara huzoeleka hadi hakuna anayeyasikiliza.

LAPACK hufanya kama mwanafunzi makini: ikishapata x katika mfumo Ax = b, ambapo A ni matriksi, huirudisha kwenye mlinganyo na kupima tofauti b − Ax. Tofauti hiyo hugawanywa kwa ukubwa wa A, kwa ukubwa wa x, na kwa usahihi wa mashine yenyewe, ambao kwa biti 64 ni 2⁻⁵³, karibu 1.1 × 10⁻¹⁶. Katika majaribio ya milinganyo, uwiano ukiwa chini ya 30, jaribio limefaulu. Nyuma ya kipimo hiki kuna uchambuzi wa mwanahisabati James Wilkinson: mbinu nzuri hutoa jibu sahihi kabisa la tatizo lililo jirani sana na lile ulilouliza. Makadirio ya kawaida huleta uwiano mdogo. Alama ya kujumlisha ikiwekwa mahali pa kutoa, uwiano unaweza kuruka hadi matrilioni. Kati ya hali hizo mbili pana nafasi kubwa, na ndiyo inayoruhusu kikomo kimoja kutumika kwenye mashine tofauti.

Data za majaribio nazo zimechaguliwa kwa akili. Matriksi za kawaida zina aina 11, zikiwemo za mshazari, za pembetatu, zenye safu wima za sifuri, zilizo karibu kukosa kinyume, na zenye namba ndogo au kubwa kiasi cha kukaribia mwisho wa uwezo wa mashine. Mbegu za namba za nasibu zimewekwa ndani ya msimbo, 1988, 1989, 1990 na 1991, hivyo linaloshindwa leo linaweza kurudiwa kesho. Ukubwa huanzia 0, kwa kuwa makosa hupenda kujificha kwenye kingo. Na matriksi ya 10 kwa 10 hulazimishwa kukatwa vipande vya 3, ingawa kwa kazi halisi vipande huwa vikubwa zaidi. Kumi haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo njia ya vipande hupitiwa, pamoja na kipande cha mwisho kilichopungua.

Kisha zana ya ujenzi CMake huunganisha yote. Programu za majaribio hujengwa kwa kompaila ileile iliyojenga maktaba, CTest huziendesha, na skripti ya Python husoma matokeo na kutenganisha hitilafu za kinamba na hitilafu nyingine. Kinachopimwa ni maktaba kama ilivyojengwa kwenye mashine hii. Msimbo sahihi uliopitia kompaila yenye kasoro unaweza kunaswa hapohapo.

Udhaifu upo. Kikomo hukata hukumu ya ndiyo au hapana: uwiano ukipanda kutoka 2 hadi 25, muhtasari bado utasema umefaulu, ilhali huenda usahihi umeporomoka. Anayeiga mtindo huu ahifadhi uwiano wenyewe kwa kila ujenzi na kutazama mwelekeo wake. Na jaribio linaposhindwa, asipandishe kikomo ili lipite kabla ya kueleza kwa maandishi chanzo cha ongezeko hilo. Kikomo kina maana pale tu kinapotokana na hisabati ya mbinu. Kikianza kufuata matakwa ya mjenzi, watumiaji wanabaki na neno "umefaulu" lisilowalinda dhidi ya chochote.