Chungu bila wanywaji

Siku moja tulipeleka wanafunzi wetu kuangalia maonyesho ya vyungu vya zamani. Vilipangwa vizuri nyuma ya kioo, kila kimoja na kikaratasi chake: mahali, karne, urefu. Mutoto mumoja akauliza: «Mwalimu, mu hii banakunywaka namna gani?» Kikaratasi hakikumujibu. Na sisi walimu, kusema kweli, tulinyamaza. Njo sababu tunaandika haya.

Tuanze na vyungu vya Sanga, kandokando ya ziwa Kisale. Jacques Nenquin alivichimbua makaburini mwaka 1957, na Pierre de Maret alirudi huko 1974. Makaburi yale mengi ni ya kati ya karne ya 8 na ya 13. Vyungu vimefinyangwa kwa mikono tu, bila gurudumu, na vinapendeza kabisa. Lakini kilichotugusa zaidi ni hiki: mu makaburi ya watoto, vyungu ni vidogo. Mufinyanzi alipima kiasi cha mutoto. Kwa hiyo, umbo la chungu linasema habari ya mutu, si ya udongo peke yake.

Hapa Lubumbashi tungali tunakunywa munkoyo. Uji wa mahindi unapikwa, unaachwa upoe kidogo, mizizi iliyopondwa inatiwa ndani. Uji mzito unageuka mwepesi na mutamu. Siku ya kwanza hata watoto wanakunywa. Ukikaa siku nyingine, unachachuka na kuanza kulewesha. Zamani ulikaa mu chungu: maji yanapenya udongo polepole, upepo unayakausha, kinywaji kinabaki baridi bila frigo. Kibuyu kimoja kilipita toka mukono hadi mukono, wazee mbele. Leo, ku kilio na ku ndoa, munkoyo unatoka mu bidoni ya njano, kila mutu na kopo yake. Hatuilaumu bidoni: ni nyepesi, haivunjike. Ila haituambie nani anywe kwanza.

Wajaponi nao wana vyombo vya udongo vya sake, pombe yao ya mchele: tokkuri, kachupa ka shingo nyembamba, na choko, kikombe kidogo. Kwa desturi yao, ukikaa na wenzako haujimiminie. Mwenzako anakumiminia, nawe unamumiminia. Tokkuri ya zamani ikiwekwa nyuma ya kioo, Mujaponi bado anaielewa, kwa kuwa mikono yake inajua kazi yake.

Watoto wetu hawana tena mikono hiyo. Ndiyo maana kikaratasi cha karne na urefu hakitoshe. Kiandikwe pia nani alimimina, nani alipokea, na kwa heshima gani. Na sisi walimu tualike mama mumoja wa Katuba au wa Kenya aje darasani na chungu chake na munkoyo wa siku ya kwanza. Yule mutoto aliyeuliza apewe kibuyu, anywe, kisha akipitishe kwa mwenzake.