Maonyesho ya Shule na Riziki ya Msanii

Siku ya mahafali, katika shule nyingi za msingi za Bukoba na Muleba, huwapo meza iliyotandikwa kitambaa, na juu yake kazi za mikono za wanafunzi: mkeka, kikapu, ungo, gari la mabati, ramani ya Tanzania iliyotiwa rangi, labda na chungu kimoja. Mgeni rasmi hupita mbele ya meza hiyo pamoja na mwalimu mkuu, huinua kikapu, hukisifu, hukirudisha mahali pake, kisha huongozwa kwenye kiti chake. Ukaguzi hauzidi dakika chache, na aghalabu hapana kibandiko kinachotaja jina la mtoto aliyekisuka kikapu kile. Hayo ndiyo maonyesho ya sanaa ambayo mtoto wa Kishanda huyajua. Mtu atakaye kuwafundisha watoto kwamba sanaa ni kazi miongoni mwa kazi za watu hana haja ya kutafuta mwanzo mwingine. Lakini kwanza yampasa kuipima meza hiyo, kwa maana nayo hufundisha, hata pale mwalimu asipokusudia.

Fikira ya kuweka kazi za wanafunzi hadharani si ngeni katika nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria. Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Makerere katika miaka ya 1930, na mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London katika jumba la Imperial Institute. Mwaka 1953 alitoa, pamoja na Klaus Wachsmann, kitabu kikubwa juu ya ufundi wa makabila ya Uganda, ambamo vikapu, mikeka, vyungu na nguo za magome ya miti viliandikwa kwa uangalifu ambao vitabu vingine huuweka kwa ajili ya majumba ya wafalme. Sifa yake kubwa ni hiyo: alimwona msusi kuwa ni mtu mwenye elimu. Walakini maonyesho ya London yalikuwa na hatari ndani yake. Yalimzoesha mwanafunzi kungoja hukumu ya jicho la mbali, na mtu angojaye hukumu hiyo huchora upesi kile anachodhani kwamba mgeni anataka kukiona. Mgeni rasmi wa mahafali ni London ndogo.

Hata hivyo mti ule ulizaa. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alisoma Makerere, akafundisha huko huko, na mwaka 1961 Tanganyika ilipopata uhuru akapelekwa London kuwa balozi wake. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Mtoto aliyekua kati ya migomba ya Muleba, na aliyepata kuona rubisi ikichukuliwa kwenda kwa wakwe, hahitaji mkalimani wa picha hiyo. Labda mtazamaji wa New York ndiye anayemhitaji. Ni ajabu kidogo kwamba jina la Ntiro halisikiki katika madarasa ambayo picha zake zingeeleweka bila maelezo.

Elimo Njau, Mchaga mwingine wa Makerere, alifika mbali zaidi katika jambo la watoto. Alifundisha uchoraji watoto wadogo huko Kampala, na mwaka 1964 alifungua nyumba ya sanaa ya Kibo kwao Marangu, kijijini, mbali na mji mkuu. Mwaka uliofuata akawa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa huko Nairobi. Fundisho lake lajulikana: msanii asiige. Kuiga kwake kulikuwa karibu na dhambi, kwa sababu kunaizima sauti ambayo Mungu amempa kila mtu peke yake. Fundisho hilo lilikuwa la ukombozi kwa watoto waliokuwa wakipewa picha za wanyama na nyumba za Ulaya wazinakili kwa penseli.

Basi mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru ambaye hakupita chuo chochote cha sanaa, alianza kupaka rangi za mafuta juu ya vipande vya mbao laini na kuviuza Dar es Salaam. Aliwachukua jamaa na rafiki, nao wakajifunza kwa kumwiga. Alipofariki mwaka 1972 mkono wake ulikuwa umekwisha kuingia katika mikono ya wengine; wakaunda ushirika, na watu wengi wamelea watoto kwa chui na ndege wa namna hiyo. Fundisho la Njau lingewahukumu. Riziki yao yalijibu fundisho hilo kwa ukaidi. Na bibi wa Kishanda anayemfundisha mjukuu wake kusuka mkeka, je, afanya nini ila kusema: fanya kama nifanyavyo mimi?

Hapa ndipo maonyesho mengi ya shule yanapokosea njia, kwa kuwa huchanganya mambo mawili. Kuchora alichokiona mtoto kwa macho yake ni jambo moja. Humfundisha kuona, na humo Njau ana haki kabisa. Kujua kazi ya ufundi ni jambo jingine, nalo hupatikana kwa kukaa karibu na mwenye kazi na kuufuata mkono wake. Shule ikionyesha la kwanza peke yake, mtoto hudhani sanaa ni kipaji cha wachache na mchezo wa saa za jioni. Ikionyesha la pili peke yake, hupata vikapu kumi visivyotofautiana. Mtaala uliotolewa mwaka 2023 unalo somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi. Nafasi ipo, ijapokuwa jina lenyewe laelekea kuiweka sanaa pamoja na mpira.

Maonyesho yafaayo yangeanza wiki kadhaa kabla ya siku yake, na katika wiki hizo ndimo yalimo mafunzo. Mtu huchagua kazi zipi ziingie na zipi zibaki, naye hutakiwa kutoa sababu. Hiyo ni kazi inayolipwa katika majumba ya makumbusho. Mwingine hupima ukuta, hufunga kamba ya katani, hutafuta mwanga wa dirisha. Seremala huitwa kuonyesha fremu inavyoungwa pembe. Mwenye mwandiko mzuri huandika vibandiko, naye aambiwe kwamba mabango ya maduka ya Bukoba mjini yana mwandishi wake vilevile. Hata kanga ya mama, yenye pindo, mji na jina, mtu fulani aliketi akaichora kabla kiwanda hakijaichapa. Watoto wachache sana wamepata kuambiwa hivyo. Tena waalikwe msusi na mfinyanzi wa kijiji, si kama wazee wa kupigiwa makofi, bali waulizwe maswali ya kikazi: nyasi huvunwa lini, mkeka huchukua siku ngapi, huuzwa bei gani, nani hununua. Majibu mengine yatahuzunisha, maana ndoo ya plastiki imeufukuza mtungi katika nyumba nyingi. Mtoto asifichwe hilo.

Linabaki jambo la fedha, ambalo walimu hulipita kimya. Pengine kazi za mezani hunadiwa siku ya mahafali, wazazi wakashindana kwa furaha, na fedha zote zikaingia katika mfuko wa madawati. Madawati yanahitajika. Lakini msichana aliyetumia wiki tatu kusuka kikapu ameona kazi yake ikiuzwa mara tano ya bei ya sokoni, naye asipate hata senti. Somo alilopata juu ya riziki ya msanii ni kamili, na ni baya. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, ambayo hutajwa sana panapotakiwa jembe, ilitaka wanafunzi washiriki kuamua matumizi ya mazao ya jasho lao. Kikapu nacho ni zao. Jina la msusi liandikwe juu ya kibandiko, na bei kando yake, na sehemu ya fedha itiwe mkononi mwake. Ni sehemu gani, wanafunzi wenyewe wapatane kabla ya mnada.