Neno na Sura katika Michoro ya Matatu

Michoro ya matatu za Nairobi hupuuzwa mara nyingi kwa hoja moja: kwamba ni uigaji mtupu wa mambo ya kigeni. Ni kweli kuwa sura za Tupac Shakur na Bob Marley, wachezaji wa kandanda na mashujaa wa filamu za Marekani zimejaa ubavuni mwa magari yaendayo Umoja au Rongai. Lakini hoja hiyo huitazama picha na kuyaacha maandishi.

Kama ilivyo katika kanga, ambayo mji na pindo zake havitoshi bila jina, maana ya mchoro huzaliwa pale sura inapokutana na neno. Sura ya mgeni huvikwa msemo wa Sheng, kauli ya dini au kijembe kwa mpinzani. Mzaha umo katika kutolingana huko. Hapo msanii haigi, bali anajibu. Panapokosekana neno, picha hubaki nakala, na lawama ya uigaji huwa ya haki.

Sanaa hii haina maktaba. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 ziliamuru mstari wa manjano, na magari mengi yakapoteza michoro. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliitetea hadharani. Hata pasipo amri, mwenye gari hupaka upya kila mtindo unapochakaa. Sisi tunaokusanya methali vijijini hatuna budi kuzinakili pia matini hizi za barabarani, kabla rangi mpya haijazifunika.