Crossrail: fedha zilipata mlinzi, muda haukupata

Mwaka 2015, mashine ya mwisho kati ya nane zilizokuwa zikitoboa ardhi ya London kwa ajili ya reli mpya ya Crossrail ilimaliza kazi. Kilomita 42 za mahandaki mapya zilikuwa zimepatikana. Kwenye kituo cha Tottenham Court Road, mashine zilipita umbali usiofika mita moja kutoka kwenye miundombinu ya treni za chini ya ardhi, huku abiria wakiendelea kusafiri. Wengi waliamini kwamba sehemu ngumu imekwisha. Reli hiyo, ambayo sasa inaitwa Elizabeth, ilipangwa kupokea abiria tarehe 9 Desemba 2018. Ilifunguliwa tarehe 24 Mei 2022, na gharama zikawa zimepanda kutoka pauni bilioni 14.8 hadi karibu bilioni 19.

Ukitazama karatasi za mradi, usimamizi ulikuwa umepangwa vizuri kuliko kwenye miradi mingi. Wenye mradi walikuwa wawili, Wizara ya Uchukuzi ya Uingereza na Transport for London (TfL). Ujenzi walikabidhi kampuni maalumu, Crossrail Limited, yenye bodi yake na uhuru mkubwa wa kuamua. Ili wasidanganyike, waliajiri pia kampuni ya wahandisi, Jacobs, iwe jicho lao ndani ya mradi.

Kasoro ilikuwa kwenye masharti. Mamlaka ya wenye mradi kuingilia kati yalifungwa na vizingiti vya fedha: makadirio ya gharama yakivuka kiwango fulani, wanapata nguvu zaidi ya kudai maelezo na kushika usukani. Makadirio yakibaki chini ya kizingiti, kampuni inaachwa ifanye kazi yake. Mpango huo una mantiki, maana mwenye mradi anayeingilia kila jambo humvuruga mtendaji. Lakini muda haukuwekewa kengele yenye nguvu kama hiyo. Hesabu za fedha zingeweza kuonekana salama huku ratiba ikioza, na kwa maoni yangu hapo ndipo mradi ulipoteza mwelekeo. Jacobs walionya kuhusu ratiba, lakini onyo lisilo na mamlaka nyuma yake husomwa kikaoni na kikao kikaendelea.

Kilichooza hasa ni kazi ya kuunganisha mifumo. Mfuate dereva anayetoka uwanja wa ndege wa Heathrow, magharibi, kwenda Shenfield, mashariki. Uwanja unamtoa chini ya mfumo wa ishara wa Ulaya, ETCS. Akiingia mahandaki ya katikati ya jiji, mfumo wa CBTC unashika treni na kuiendesha wenyewe. Akitokeza mashariki, anarudi kwenye taa za kawaida na vifaa vya zamani vilivyofungwa relini. Kompyuta za treni lazima zibadilishe mfumo treni ikiwa inatembea, bila kusita, siku nzima. Treni zilitengenezwa na Bombardier, ishara za katikati na Siemens, na kila upande uliporekebisha programu yake ilibidi zijaribiwe upya kwa pamoja. Kazi ya namna hii haiharakishwi kwa kuongeza vibarua.

Tena ujenzi wenyewe uligawanywa katika kandarasi kuu 36, na Crossrail Limited ikabaki na jukumu la kuzifunga pamoja. Mkandarasi wa kituo alijua kituo chake. Kituo kimoja kikichelewa, nyaya za mawasiliano hazipiti, na mafundi wakiwa bado handakini treni ya majaribio haiwezi kupita. Novemba 2017 transfoma ya mradi ililipuka katika eneo la Pudding Mill Lane wakati umeme unawashwa kwa mara ya kwanza, na majaribio yakasukumwa hadi mwaka uliofuata.

Hapo ndipo tarehe ya kufungua ingepaswa kuhojiwa. Badala yake iliachwa kama ilivyo, na kazi zikabanwa ili zitoshe: majaribio yaliyopangwa kufuata ujenzi yakachanganywa nao. Taasisi ya taifa ya ukaguzi, katika ripoti yake ya Mei 2019, iliwalaumu viongozi wa mradi kwa kung'ang'ania Desemba 2018 wakati dalili zilikuwa wazi. Julai 2018 serikali ilitangaza fedha za nyongeza, na tarehe haikuguswa. Tarehe 31 Agosti, miezi mitatu tu kabla ya siku iliyopangwa, wakazi wa London wakaambiwa kwamba reli haitakuwa tayari. Biashara zilizokuwa zimejipanga kupokea wateja wapya, na TfL iliyokuwa imeweka nauli za reli hiyo kwenye bajeti, zilibaki na pengo.

Mark Wild alipochukua uongozi wa Crossrail Limited Novemba 2018, hakukimbilia kutaja tarehe mpya. Mpango ulisukwa upya kuanzia kazi zilizobaki, na Aprili 2019 ukatangazwa muda wa kufungua badala ya siku: kati ya Oktoba 2020 na Machi 2021. Hilo ninalipa uzito mkubwa, kwa sababu muda wenye mwanzo na mwisho unawaambia watu kwamba bado kuna mashaka, na unampa mhandisi nafasi ya kusema ukweli mapema. Muda huo nao ulipitwa, korona ikiongeza ugumu, na Oktoba 2020 mradi ukahamishiwa moja kwa moja chini ya TfL, ili atakayeendesha reli ndiye aamue lini iko tayari.

Mei 2022 uamuzi mmoja ulionyesha mabadiliko hayo. Kituo cha Bond Street, katikati kabisa ya eneo la maduka, kilikuwa hakijakamilika. Reli ilifunguliwa bila kukisubiri, treni zikipita pale bila kusimama, na mafundi wakapewa muda wa kumaliza kazi yao. Abiria walianza kushuka Bond Street tarehe 24 Oktoba mwaka huohuo.