Volti 12 haiui mtu, lakini waya ule utakufa

Mliokuwepo Jumamosi ile Nyalikungu mliona nilichokiona. Ua umejaa vitofali vya pevingi, kompakta inanguruma, na fundi umeme amechuchumaa juu ya mchanga uliokwisha kusawazishwa, ananyoosha waya wa nyuzi mbili, mwekundu na mweusi, kwa kidole gumba. Akaukatisha njia kutoka barazani kwenda kwenye taa za bustanini, akaufukia kwa kiganja kama mtu anayechoma viazi kwenye majivu, kisha akampungia mkono fundi wa pevingi. Kitofali cha kwanza kikakaa juu yake.

Waya mtupu, bila paipu. Mmoja wetu alipouliza, akajibiwa lile jibu ninalolisikia tangu nishike bisibisi: "Mzee, hii ni volti 12 tu, haiui mtu."

Haiui, ni kweli. Ila hakuna aliyekuwa ameuliza habari za kifo. Tuliuliza habari za waya.

Kitofali kina unene wa milimita 60. Chini yake kuna mchanga wa sentimita tatu hivi, halafu moramu. Waya ule umelala ndani ya mchanga huo mwembamba, kokoto za moramu tumboni, kingo za vitofali mgongoni. Kisha ikapita kompakta. Mimi nilikuwa nautazama waya, wenzangu wanatazama jinsi njia inavyopendeza. Ganda la plastiki likichubuka hapo halipigi kelele, na taa jioni ile zitawaka vizuri tu, mwenye nyumba atalipa, watu watapiga picha.

Ngoja mvua sasa. Hii ni Maswa, na ua ule uko juu ya mbuga, udongo mweusi wa pamba. Ukinywa maji unavimba, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Njia itapanda na kushuka kila mwaka, na waya uliobanwa na vitofali hauna pa kukimbilia. Mchwa nao hawajawahi kusoma kwamba ni volti 12. Maji yakipenya kwenye mchubuko, umeme wa DC huanza kuila shaba ya upande wa chanya, inageuka unga wa kijani. Taa za mwisho zitafifia kwanza. Fundi ataitwa, atabadilisha taa. Zitafifia tena, atabadilisha adapta. Kosa lenyewe liko chini ya pevingi, ambako hakuna anayetaka kugusa.

Tumtendee haki fundi wa Jumamosi ile: waya wa milimita 2.5 za mraba kwa taa 10 za wati 5 ni chaguo zuri, maana kwa mita 30 hata mzigo wote ukikaa mwishoni hupotezi volti 2. Adapta nayo kaiweka mahali pakavu.

Lakini hesabu nzuri ya nini, kama waya hautoki? Paipu inazuia jiwe, sawa, ila kazi yake kubwa ni kukuruhusu kuvuta waya mbovu na kupitisha mpya bila kung'oa kitu. Hapa nitarudia wimbo wangu, wanaouchoka wauchoke. Wazee wa Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa miaka ya 1990, walikuwa na simu za mezani zinazotumia volti 48. Nazo haziui mtu. Pamoja na hayo, mjini walipitisha kebo zao kwenye paipu, wakajenga mashimo yenye mifuniko, na ndani ya paipu tupu wakaacha kamba ya kuvutia kebo ya kesho. Vijana wetu wana simu yenye tochi na dira, kamba ya shilingi mia tano hawana.

Nimesikia wanaoshauri paipu isukumwe chini ya njia kwa mpira wa maji. Kwenye luseni, ule udongo wa kichanga wa mwinukoni, ningekubali. Kwenye mbuga unailowesha njia nzima kutoka chini, halafu ukae usubiri vitofali vicheze.

Wala haihitajiki. Pevingi si zege. Bisibisi bapa mbili zinatosha kung'oa kitofali cha kwanza, vingine vinatoka kwa mkono. Chimba mfereji mwembamba hadi chini ya moramu, laza polipaipu ya robo tatu inchi, izidi kingo za njia kwa futi moja kila upande. Pitisha waya na kamba, ziba midomo mchwa wasiingie, rudisha moramu kwa kushindilia kidogo kidogo, kisha mchanga na vitofali vyako. Ni kazi ya asubuhi moja.

Wala haikuwepo haja ya kununua polipaipu. Kipande cha mita tatu kilibaki kwenye kazi ya maji, na Jumamosi ile kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kinashikilia kamba ya nguo. Fundi, kirudie kabla ya mvua za Novemba.