Papai Lenye Jina la Mtu

Hotuba aliyoitoa Rais John Magufuli huko Chato tarehe 3 Mei 2020 inafaa kusomwa kama hadithi fupi. Wahusika wake ni papai, mbuzi, kware, fenesi na oili ya gari. Sampuli zao zilipewa majina na umri wa binadamu, zikapelekwa maabara. Papai, kwa jina la mwanamke wa miaka 26, likarudi na corona. Watu wakacheka, na kicheko kikafanya kazi ya hoja.

Tuitendee haki. Kumjaribu mpimaji kwa sampuli asiyoijua ni desturi njema ya sayansi. Lakini jaribio hilo lilipaswa kufungua uchunguzi: sampuli zirudiwe, maabara nyingine ipime, ijulikane kama palikuwa na uchafuzi au vitendanishi vibovu. Badala yake, takwimu za taifa zilikoma kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Hadithi iliishia kwenye kicheko.

Kasoro yake kubwa, nionavyo, ni kwamba haina mgonjwa.

Hapa Guta, ufukwe mwingine wa ziwa hilohilo, mgonjwa yupo. Mwenye homa anapimwa Widal, anaambiwa ana taifodi. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, nazo huweza kubaki mwilini muda mrefu baada ya mtu kupona. Kipimo cha haraka cha malaria kinachotumika sana nacho huweza kusoma chanya wiki kadhaa baada ya tiba, maana kinanasa protini ambayo vimelea waliokufa wameiacha kwenye damu. Basi shaka ni halali, na hotuba ile haikuizua.

Ilichofanya ni kuigeuza shaka kuwa likizo. Anayesema vipimo vinadanganya amejitwisha kazi: kuuliza kipimo kinapima nini, kukirudia, na kuwakinga wenzake wakati anasubiri. Mvuvi anayekohoa akiambiwa kipimo ni kibovu, hajaambiwa kuwa ni mzima. Ameambiwa kuwa hajui. Asiyejua hali yake ana sababu zaidi ya kutobanana na wenzake mtumbwini usiku kucha.

Papai halikuwa na mke, wala mtoto, wala wenzake wa kuvua nao. Ndiyo maana lilikuwa rahisi kulicheka.