Pango Lililojengwa kwa Maneno: Nusu Karne ya Mchezo wa Adventure

Imetimia nusu karne tangu Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alipotunga mchezo wa Adventure katika miaka ya 1975 na 1976. Mchezo huo ndio ulioipa jina aina nzima ya michezo ya kompyuta, na wapenzi wake wana haki ya kuusherehekea. Sisi walimu wa lugha tunayo sababu yetu ya kujiunga nao: Adventure haina hata picha moja. Yote yaliyomo ni maneno.

Crowther alikuwa mpenzi wa kuingia mapangoni, na alishiriki kupima na kuchora ramani za mapango ya Mammoth, Kentucky. Baada ya kutengana na mkewe alitaka kuwafurahisha binti zake wawili, akalijenga upya pango alilolijua, chumba baada ya chumba, kwa sentensi fupi. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford aliupanua mchezo kwa ridhaa ya mtunzi, akaongeza hazina na viumbe.

Tukiitazama fani yake, kompyuta humweleza mchezaji mahali alipo, naye hujibu kwa amri ya neno moja au mawili. Hapa kusoma si kupitisha macho juu ya maandishi. Nyoka mkubwa ameziba njia, na silaha haimfai kitu. Anayeweza kumfukuza ni ndege mdogo. Lakini ndege huyo hakamatiki maadamu mchezaji ameshika fimbo. Dalili ya hofu hiyo imo katika maelezo, na asiyesoma kwa makini hapiti.

Hata hivyo mchezo una kasoro. Maudhui yake ni finyu, kwani shabaha kuu ni kukusanya mali, na ndani ya pango hamna mtu wa kuzungumza naye. Kasoro ya pili yatuhusu zaidi. Mashine ilitazama herufi tano za kwanza tu za kila neno. Kwa Kiingereza kwa kawaida zilitosha. Je, kwa Kiswahili? Tumwamuru mchezaji juu ya yule ndege: mfunge, mfungue, mfungulie. Amri ya kwanza yamtia kifungoni, ya pili yamwacha huru, ya tatu yamfungulia mlango. Lakini kwa mashine ile zote tatu ni “mfung”. Mtendwa yuko mwanzoni mwa neno, na hatima yake iko mwishoni.

Kwa hiyo anayetaka kuuleta mchezo huu katika Kiswahili asidhani kwamba kazi yake ni kubadili neno kwa neno. Hana budi kuanza na kitenzi chetu, pamoja na viambishi vyake vyote, kisha alijenge pango juu yake.

Walimu twaweza kuanza leo bila kompyuta. Mwanafunzi mmoja aeleze chumba, mwenzake atoe amri, na wa kwanza atende lile tu lililotamkwa. Atakayesema “mfunge” akikusudia “mfungue” atamwona ndege wake akibaki tunduni, na kosa hilo hatalisahau upesi.